Kuapisha Sanduku

Nilisimama nyuma ya mjomba wangu, saa ya mfukoni ya Bwana ikiwa kiganjani mwangu, nikapima muda anaotumia kupiga randa ubao mmoja. Hakugeuka. Maranda yalianguka juu ya miguu yake mitupu, naye akaendelea mpaka ubao ukawa laini upande wa ndani, upande ambao sanduku likishafungwa hakuna jicho la kuuona. Kisha akaupapasa kwa kiganja na kurudia tena.

"Mjomba, ndani unalainisha kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya ubao."

Nikaandika muda. Jibu sikuliandika, kwa sababu halikuwa na mahali pa kukaa kwenye karatasi yangu.

Ulikuwa wakati wa vita vile vya pili. Karakana yetu ilikuwa Kisarawe, pembezoni mwa msitu, mabanda mawili ya mabati na uwanja wa kuanikia mbao. Tulitengeneza masanduku ya kubebea risasi na makombora madogo. Risasi zenyewe hatukuwahi kuziona. Lori lilichukua masanduku matupu hadi stesheni ya Pugu, yakapakiwa kwenye behewa, na baada ya hapo yalikuwa ya dunia nyingine. Mimi nilikuwa karani. Nilikuwa nimerudi kutoka Uganda, nilikosoma katika chuo ambacho watu wa kwetu walikiita chuo kikuu bila kujali wenyewe wanakiitaje, na nilikuwa na umri ambao mtu hudhani kwamba kila kitu alichokikuta duniani kiliwekwa na mtu mvivu wa kufikiri.

Bwana aliyesimamia karakana alikuwa Mwingereza mwembamba aliyelala na homa karibu kila mwezi. Siku moja aliniita ofisini, akanisukumia barua juu ya meza. Barua ilisema bei ya kila sanduku ishuke. Bei mpya ipelekwe pamoja na lori la mwisho wa mwezi. Isiposhuka ya kutosha, kazi itapewa kiwanda kingine.

"Mimi najua mbao," Bwana akasema. "Hesabu za muda sijui. Wewe umesoma. Tafuta." Ndipo akanipa saa yake.

Wote tulijua kilichokuwa nyuma ya barua ile. Kila mtu wa karakana alikuwa na cheti kilichosema kazi yake ni ya vita, asichukuliwe. Wasio na cheti walikuwa wanachukuliwa. Majumbe walipewa idadi ya watu wa kupeleka mashamba ya mkonge, nao waliitimiza kwa kupita nyumba hadi nyumba alfajiri, kabla watu hawajatoka kwenda kujificha. Kazi ikiondoka Kisarawe, vyeti vya watu kumi na wawili vingegeuka karatasi za kufungia karanga. Mjomba alikuwa na watoto sita. Mwenye msumeno mkubwa, Mnyamwezi aliyekuja pwani ujanani akaoa kwetu, alikuwa na mke mjamzito.

Huyo Mnyamwezi alikuwa mtani wangu, kama Wanyamwezi wote walivyo watani wa Wazaramo, na haki yake ya kunitukana aliitumia kila siku, akiniita mateka wake.

"Jamani, kazeni mikono," alisema kila nilipopita na saa. "Mateka wangu anapima jasho. Likipungua atatuongezea maji." Au: "Hebu niambie msomi. Sisi unatupima wewe. Wewe unapimwa na nani?"

Watu walicheka. Nami nilicheka, maana mtani hanuniwi, lakini swali lile sikulipenda.

Nilipima kwa wiki nzima. Niligundua kwamba mbao zilibebwa kutoka uwanjani hadi banda la kwanza, zikarudishwa uwanjani, kisha zikapelekwa banda la pili, kwa sababu tu mlango wa kati ya mabanda uliwahi kufungwa kwa kuogopa nyoka na hakuna aliyeufungua tena. Nikaufungua. Nyoka hakuwepo, na nusu siku ya kubeba ikaisha. Nilijiona mkubwa sana.

Halafu nikafika kwenye kiapo.

Kila sanduku lilikuwa na vishikio viwili vya kamba ya katani, kimoja kila ubavu. Fundi akimaliza sanduku lake alitia ndani gunia dogo la mchanga lenye uzito wa mzigo kamili. Kisha alivua viatu kama anavyo, akasimama, akashika kishikio kimoja tu na kuliinua sanduku zima likaning'inia juu ya vidole vyake vya miguu. Mara tatu. Aliligeuza, akafanya vivyo hivyo kwa kishikio cha pili. Huku akiinua alisema maneno, wengine kwa sauti, wengine kwa midomo tu: "Ukidanganya, nidanganye mimi kwanza." Hapo sanduku lilihesabiwa kuwa limeapa, likapelekwa ghalani. Ambalo halijaapa halikukaa na wenzake.

Nilipima. Kiapo kilikula muda kuliko kupigilia kifuniko.

"Mjomba, hii ina maana gani?"

"Linaapa."

"Mbao inaapaje? Ina ulimi?"

"Wewe unaona ina ulimi?"

"Basi kwa nini mnafanya?"

"Ndivyo tunavyofanya hapa," akasema, akarudi kwenye randa yake.

Sasa najua nilichokosea. Nilimuuliza kama mtu anayemhoji shahidi wa upande wa pili, na yeye alikuwa mtu wa kiburi, hakujibu maswali ya namna hiyo hata kwa jumbe. Wakati ule nilisikia jibu la ushirikina, nikafurahi kulipata. Nikaandika: kiapo kiondolewe.

Bwana alikubali bila kuuliza. Mafundi walinung'unika. Mjomba alirudi kwenye randa yake, na hilo lilinichoma zaidi ya manung'uniko ya wengine, kwa sababu ndiye aliyeniombea kazi pale.

Gharama iliyobaki ilikuwa ya kamba. Nilipanda baiskeli, nikashika njia za msituni kwenda upande wa Kibaha, mpaka Misugusugu, kwa msokotaji kamba aliyetuuzia siku zote. Njiani nilipita kando ya shamba la mkonge. Watu walioletwa kwa nguvu walikuwa kwenye mistari wakikata majani, matambara yamefungwa mikononi kwa ajili ya miiba. Mmoja aliniita kwa jina. Tulikuwa tumesoma chuoni pamoja, chuo cha Kurani, tukiwa wadogo.

"Huko kwenu kuna nafasi?" akauliza. Jicho lake moja lilikuwa limevimba. Jani lilikuwa limemchoma.

Nikamwambia nitauliza. Nilijua kwamba sitauliza, kwa kuwa nilikuwa natafuta kupunguza, si kuongeza. Nikakanyaga baiskeli.

Msokotaji alinionyesha mafungu mawili. Kwa macho sikuona tofauti, yote meupe, yote yamekazwa vizuri.

"Hili ni la nyuzi ndefu," akasema. "Hili la nyuzi fupi, zile zinazofagiwa chini ya mashine. Bei yake nusu."

"Tofauti yake kazini?"

"Hili la kufungia ng'ombe. Hili la kufungia mbuzi."

"Sanduku halirushi mateke," nikamwambia.

Akacheka sana, akanifungia la mbuzi.

Kwa siku kumi na nane kazi ilikwenda kama maji. Masanduku yalijaa ghalani hadi darini. Bei niliyoiandika ilikuwa chini ya ile iliyotakiwa, na Bwana alianza kuniita kwa jina badala ya kuniita karani. Kilichoniudhi ni mjomba peke yake. Kila adhuhuri, wenzake wakishaswali na kukaa kula, yeye aliingia ghalani. Siku mbili kabla ya lori nilimfuata. Nikamkuta amevua viatu, gunia la mchanga limo sandukuni, anainua.

"Mjomba, hili tulilikataza."

"Mlikataza muda wa Bwana. Huu ni muda wangu wa kula."

"Na hilo si sanduku lako. Ni la benchi la pili."

"Yangu nimeyamaliza."

Nikasema neno ambalo hadi leo nikilikumbuka natafuta mahali pa kuangalia. Nilisema, "Unatutia aibu kwa mambo ya kishenzi."

Aliinua mara ya kwanza. Aliinua mara ya pili. Mara ya tatu sikusikia kamba ikikatika, nilisikia sanduku tu, na sauti iliyotoka kifuani kwake, fupi, kama mtu aliyepigwa ngumi. Kishikio kilibaki mkononi mwake. Ncha yake haikukatika kama kamba inavyokatika. Ilikuwa imechomoka, nyuzi fupi fupi zimeachana kama nywele.

Nilinyanyua sanduku kutoka kwenye mguu wake. Ukucha wa kidole gumba haukuwepo, na kidole chenyewe kilikuwa kimelala upande usio wake. Mtani wangu alikuja mbio na wengine nyuma yake. Alitazama mguu, akatazama kamba. Kwa mara ya kwanza hakunitukana.

"Kamba hii ni ipi?" mjomba akauliza, jasho likimtiririka.

"Niliinunua mimi."

"Najua umenunua wewe. Ni ipi?"

"Nyuzi fupi. Iko kwenye masanduku mengi. Siyo yote. Mafungu yalichanganyika."

Akafumba macho. Walikuwa wanamfunga mguu kwa kitambaa cha kilemba. Akasema, bila kunitazama, "Vita vile vya kwanza nilikuwa mpagazi. Nilikuwa mdogo kuliko ulivyo sasa. Tulivuka mto tukiwa wawili wawili na masanduku kama haya. Kishikio cha upande wa mwenzangu kilikatika kwenye jiwe la katikati, sanduku likaenda na maji. Yeye alilifuata, kwa sababu tulikuwa tunachapwa kwa kupoteza sanduku." Akaivuta ncha ya kitambaa mwenyewe. "Hakutoka. Ndiyo hivyo. Ulitaka maana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama mbao ina ulimi."

Nilikwenda ofisini. Nilifikiri kumwambia Bwana kila kitu, na nilifikiri kutomwambia chochote. Nakiri nilisimama mlangoni nikipima yote mawili kwa uzito sawa. Nikikaa kimya, lori lingekuja, bei ingekubaliwa, vyeti vingebaki, na kishikio kingekatika mikononi mwa mtu nisiyemjua, katika nchi nisiyoijua. Nikisema, huenda lori lingeondoka tupu. Nilisema. Bwana alikuwa ameketi na blanketi mabegani, homa ikimpanda.

"Lori linakuja keshokutwa saa nane," akasema. "Siwezi kulizuia. Likija bila masanduku na bila bei, tumekwisha. Fanyeni mnavyoweza kabla ya saa nane."

Kesho yake hakuna aliyefanya kazi nyingine. Masanduku yote yalitolewa uwanjani. Mafundi walijipanga, wakavua viatu, na mimi nikavua vyangu vya ngozi nilivyonunua Kampala. Mtani wangu akaniangalia miguu.

"Lo! Mateka wangu ana miguu ya bibi harusi."

"Nipe gunia," nikamwambia.

Kuinua sanduku zima kwa mkono mmoja juu ya miguu yako mwenyewe si jambo la kueleza. Macho hayaendi popote ila kwenye kamba. Kwa masanduku ya kwanza sikusema yale maneno. La tano au la sita lilitoa mlio mdogo, nikaruka nyuma, likaanguka pale vidole vyangu vilipokuwa. Kuanzia hapo niliyasema. Sikuamini kwamba mbao inanisikia. Niliyasema kwa sababu yalinipa muda wa kuiangalia kamba vizuri kabla sijainua.

Mlio ulisikika hapa, ukasikika kule. Kila kishikio kilichochomoka kilitupwa kwenye lundo, na sanduku likawekwa kando. Mjomba alikaa kwenye kigogo, mguu umeinuliwa, akitoboa upya matundu na kufunga kamba ya zamani iliyokuwa imebaki stoo, ile ya ng'ombe. Ilipokwisha, alifungua kamba ya kisima cha karakana akaikata vipande. Kisha wakaleta kamba ya kisima cha msikiti. Siku ya pili, saa sita, tulikuwa bado na safu mbili. Saa saba safu moja. Vumbi la lori lilipoonekana mtani wangu alikuwa anaapisha la mwisho, na aliliapisha mara tatu kila upande, hakupunguza hata moja.

Masanduku yalitosha. Bei haikutosha.

Nilikuwa nimeirudisha kamba ya nyuzi ndefu kwenye hesabu, na muda wa kiapo pia. Mlango wa nyoka ulisaidia. Mjomba mwenyewe, bila kuombwa, alisema, "Ondoa randa ya ndani," akageuza uso. Nadhani hilo lilimuuma kuliko kidole. Hata hivyo tulizidi bei iliyotakiwa, kwa kiasi kidogo, kama ujira wa mtu mmoja.

"Basi ondoa mtu mmoja," Bwana akasema. Dereva wa lori alikuwa anapiga honi nje. "Chagua wewe. Wewe umewapima."

Nilikaa na orodha. Dirishani niliwaona wakipakia. Ningependa kuandika kwamba nilijua mara moja la kufanya, lakini kalamu yangu ilikwenda moja kwa moja kwenye jina la mtani wangu, ikalikata. Nilikuwa na sababu zote: kwa mujibu wa saa ya Bwana, yeye ndiye aliyetembea zaidi na kukata kidogo. Zilikuwa sababu nzuri, zimeandikwa vizuri. Nilipoinua macho yeye alikuwa amesimama nje ya dirisha, sanduku begani, ananitazama. Kusoma hakujua. Lakini mkono unaokata jina aliujua.

"Umepata?" akauliza.

Nilirudi juu kabisa ya karatasi, nikasoma upya kila jina na kila muda, kama vile ningesoma kazi ya mtu mwingine nikitafuta kosa. Kila mtu alikuwa na muda wake wa kushika sanduku. Jina moja tu halikuwa na muda wowote pembeni yake, nalo lilikuwa na mshahara uliozidi wa fundi. Nilikuwa nimepima karakana nzima nikaliruka.

Nililirudisha jina la mtani wangu, nikakata langu.

Bwana aliitazama karatasi. "Hili ni jina lako."

"Ndiyo, Bwana. Mimi sigusi sanduku."

"Unajua maana yake?"

Nilijua. Nilimwekea saa yake mezani. Alitia sahihi, dereva akachukua bahasha, lori likaondoka. Kurudisha jina hakukunisafisha machoni pa mtani wangu. Hakunisemesha jioni ile, na alikuwa na haki.

Jumbe alikuja alfajiri ya siku ya nne. Alikuwa amechoshwa na maswali yangu barazani kwake tangu niliporudi, na sikuona kwamba alihuzunika. Mama alilia. Mjomba alikuja akichechemea kwa fimbo, akanipa matambara aliyoyashona tabaka mbili mbili.

"Ya mikono," akasema. "Usiulize kwa nini, yafunge tu."

"Shikamoo mjomba," nikamwambia, ingawa tulikuwa tumeshaamkiana.

"Marahaba, mpwa wangu."

Shambani Misugusugu hakuna aliyeniuliza nilisoma wapi. Nilikata mkonge kwa wiki tano bila habari yoyote kutoka Kisarawe, na kila siku niliwaza kwamba huenda bei ilikataliwa, kwamba nimejitoa bure na wote kumi na mmoja wako njiani kuja. Kila kundi jipya lilipoletwa niliwatazama usoni mmoja mmoja. Yule niliyesoma naye Kurani alikuwa mstari wa jirani. Alinionyesha namna ya kushika jani, na lile nililomwahidi hakulitaja.

Wiki ya sita, mchana, nilisikia sauti barabarani.

"Jamani, msomi kumbe mikono anayo!"

Mtani wangu alikuwa ameegemea baiskeli, fungu la kamba limefungwa nyuma. Nilimwendea mbio na panga mkononi, msimamizi akinipigia kelele.

"Barua imekuja?"

"Imekuja."

"Inasemaje?"

"Kwanza niamkie. Mimi nina cheti, wewe huna."

"Sema, we mtu!"

"Wamekubali," akasema. "Vyeti vimepigwa muhuri upya. Mjomba wako amerudi benchi, anapiga randa ndani akidhani hatumwoni. Na mke wangu kajifungua." Akafungua fungu la kamba, akanirushia ncha. "Nimetumwa kununua. Msokotaji kaniapia ni ndefu. Wewe ndiye unayezijua za mbuzi."

Niliifumua ncha, nikavuta uzi mmoja nje. Ulitoka, ukaendelea kutoka, mrefu kama mkono wangu. Msimamizi alikuwa anakaribia. Palikuwa na tita la majani ya mkonge miguuni pangu, zito kuliko sanduku. Nikalifunga kwa ile kamba, nikavua makubadhi yangu ya matairi, nikaliinua juu ya vidole vyangu.

"Hiyo moja," mtani wangu akasema. Hakuwa anacheka. "Bado mbili."